Moshi wa Tanuri la Taib

Mwanatumu alikuwa amekalia kigoda, tairi la lori limebanwa magotini, akilichana kwa kisu alichokichovya kwenye maji ya sabuni. Mpira ukikatwa mkavu huganda kisuni kama kupe. Tangu afiwe na mumewe kazi yake ndiyo hiyo: kuwashonea ndara za tairi vibarua wa chumvi wa Gongoni. Chumvi hula ngozi, ikamaliza ikala na nyama ya mguu. Mpira haiuwezi.

"Hodi hapa jaani!"

Chifu aliingia na askari wawili. Nyuma yao lilikokotwa gari la punda la Bwana Taib, mwenye tanuri la chokaa.

"Karibu, chifu. Jaa liko kule. Hapa ni kwangu."

"Mama, mkubwa atapita barabara hii wiki ijayo. Aone mlima huu wa matairi? Mbu, nyoka, uvundo! Pakieni!"

"Mbona uvundo huu juzi ulikuwa umeuvaa miguuni, shambani kwako?"

Askari mmoja alicheka, akakimeza kicheko.

"Unapelekwa wapi?" Mwanatumu aliuliza.

"Kuchomwa. Serikali yataka usafi."

"Afadhali!" Harusi, jirani yake, alipaza sauti kutoka mlangoni. "Tumechoka kukaa na takataka!" Akapiga kigelegele. Mumewe alikuwa chumvini saa hiyo, na ndara za Mwanatumu miguuni.

Taib alikuwa amekosa kuni tangu ukataji wa mikoko upigwe marufuku. Sasa mawe yake yaliiva kwa matairi. Moshi mzito ulilala juu ya mapaa. Nguo zilizoanikwa zikageuka kaniki, na Mwanatumu akitema, anatema wino. Chokaa ilipotoka ilikuwa nyeupe pe. Chifu akaigawa: mawe ya kando ya barabara, vigogo vya minazi, ofisi yake. Msikiti nao ukapata fungu lake.

Mwanatumu alimwendea Maalim Jaafar.

"Shikamoo, Maalim. Nataka unisomee halbadiri. Nimshitakie Mungu."

"Marahaba. Umshitaki nani?"

"Kila aliyekula haki yangu."

Maalim aliutazama ukuta wa msikiti. Chokaa ilikuwa haijakauka.

"Kisomo kile hakichagui, mwanangu; humwangukia kila aliyetia mkono. Samehe."

"Wamekupaka na mdomoni, Maalim?"

Maalim akaivuta tasbihi yake. Mwanatumu akarudi zake.

Chuoni alikuwa amesoma, na msahafu haukumshinda. Baada ya alasiri alitandika mkeka barazani, akatia ubani chetezoni, akasoma mwenyewe, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Alipofika mahali pa kushitaki akamtaja chifu. Akamtaja Taib. "Na kila aliyebeba, na aliyechoma, na aliyepaka, na aliyeshangilia."

Milango ya mtaa ikafungwa mmoja mmoja. Kisha Harusi akaja, leso kichwani, anatembea upande upande.

"Dada, mie nilipiga kigelegele tu. Nacho kimo?"

"Kimo."

"Nitoe, dada. Nina mimba mie!"

"Ulipokipiga, mimi niliachiwa nini?"

Harusi akalia. Akaja mwendesha gari la punda la Taib, akaapa kwamba yeye ni mtumwa wa tumbo. Akaja mwingine na debe la chokaa, anataka kulirudisha. Mwanatumu hakumtoa hata mmoja. Alipogundua kwamba vilio vyao vilikuwa vitamu kwake, alisema astaghfirullah, akaongeza ubani.

Chifu hakuja. Aliwatuma askari wale wale.

"Umeshitakiwa kwa uchawi," alisema yule aliyecheka. "Na kuvuruga amani kabla ya mgeni."

"Kusoma dua ni uchawi?"

"Utamwambia hakimu."

Wakampeleka kwa miguu barabarani, katikati ya mawe meupe. Akina mama waliokuwa wakifundishwa wimbo wa kumpokea mkubwa walikatiza ubeti, wakatazama chini. Kule tanurini Taib alikuwa ameteremsha matairi mengine, na moshi mpya ulikuwa unapanda.

Walipowapita wale akina mama, askari yule aliyecheka alimsogelea sikioni.

"Mama," alinong'ona, "na mimi umenitaja?"

Mwanatumu alisimama, akamtazama usoni bila haraka.

"Jina lako nani, mwanangu?"

Mkono uliomshika ulilegea, ukapanda kifuani, ukafunika kibati cha jina.