Tonge la Kwanza

Kufikia wiki ya tatu, Theodosia aliijua mitaa ya Kasulu kwa harufu kuliko kwa majina. Karibu na stendi kulinuka mafuta ya chipsi yaliyochoka kukaangia. Ukipanda kuelekea sokoni unakutana na mawese na dagaa, na ukikata kushoto penye msikiti inakupokea pilau ya Kuruthumu. Wapo watu ambao wakihamia mji mpya huzunguka madukani na migahawani kwa raha zao, leo hapa, kesho pale, wakijua watarudi kunakopendeza. Theodosia alizunguka kwa sababu mama yake alikuwa hataki kula.

Wala hakuwa na miguu ya kuzungukia. Kutwa nzima alisimama ghalani kwa Bazilio akisimamia wanawake wanaochambua maharage, vumbi likimjaa puani, sauti ikimkauka kwa kusema yale yale. Bazilio alikuwa amefunga ghala lake la Kibondo na kuhamishia Kasulu mizani, magunia, na wafanyakazi waliokuwa tayari kuhama. Asiyetaka abaki, alisema, kana kwamba kubaki bila kazi ni zawadi. Theodosia alikuwa na miaka arobaini na kitu, hana mume, hana shamba la maana. Alifunga virago, akamchukua mama yake kijijini Kumsenga, wakaja.

Mama yake, Ininahazwe, alikuwa amevuka kutoka Burundi akiwa binti, akaolewa huku, akapata uraia huku, akamzika mume huku. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli, basi. Kumsenga hilo halikumsumbua. Aliyajua mafiga yake kwa mikono, akapika bila kuona, akapakua, wakala sinia moja yeye na binti yake kila jioni. Kasulu walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya watu wengi, na jiko likawa la mkaa, la kuhamishwa huku na huku barazani. Siku chache tu baada ya kufika, mama aliweka kiganja juu ya mkaa akidhani anashika sufuria.

"Basi, Mama," Theodosia alimwambia huku akimfunga kitambaa. "Hupiki tena. Umepika miaka yote, sasa pumzika. Chakula nitakuletea mimi."

Alilisema hilo kwa mapenzi. Alilisema kwa uchovu pia, maana na yeye hakuwa na nguvu za kupuliza mkaa kila jioni. Ndipo mama yake akaacha kula.

Theodosia alianza kutafuta kwa Kuruthumu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na mkono mzuri, ambaye mgahawa wake ulikuwa na pazia la maua mlangoni ili mtu ale bila kutazamwa na wapita njia. Theodosia hakutaka kumpelekea mama yake kitu asichokijua. Aliketi nyuma ya pazia, akala sahani ya samaki wa mgebuka na wali, akaridhika, kisha akajaziwa hotpoti. Nyumbani alipakua, akaushika mkono wa mama yake na kuuelekeza kwenye sahani, halafu akakaa ukingoni mwa kitanda kuvua viatu.

"Wewe huli?" mama aliuliza.

"Nimekula huko huko, Mama. Nimeshiba. Kula wewe."

Mama alikula tonge, akala la pili, akanawa. Alisema ameshiba.

Ikawa hivyo kila siku. Kwa mama ntilie wa stendi alinunua ndizi za nyama, nyama ikiwa laini ya kutafunwa kwa ufizi. Dukani alitafuta unga wa muhogo, na muuzaji akamtazama na kumuuliza kama ni mtu wa kambini kwa wakimbizi, akajibu kwamba ni mtu wa Kibondo na kwamba anataka unga. Alijaribu uji wa ulezi, maharage ya nazi, supu ya kongoro, hata chipsi mayai, akajicheka mwenyewe barabarani kwa kumbebea bibi kizee chipsi mayai. Kila mahali alionja kwanza kwa kula hasa, maana kijiko kimoja hakimwambii mtu kitu, na kila jioni alifika nyumbani tumbo limejaa na miguu inawaka. Mama aligusa kidogo, akashukuru, akanawa.

Alikonda. Kitenge kilimzunguka kiunoni mara nyingi kuliko zamani. Zahanati walimpima wakasema hawaoni ugonjwa, ila bibi asipokula atalazwa, na katika umri wake kulazwa si mchezo.

"Nirudishe Kumsenga," mama aliomba walipokuwa wakitoka.

"Kwa nani, Mama?"

Kumsenga hakukuwa na mtu tena ila kaburi. Kumrudisha maana yake ilikuwa Theodosia arudi naye, na kurudi naye maana yake ilikuwa kuacha kazi, na Bazilio hakuwa mtu wa kumwekea mtu nafasi. Theodosia akaamua kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Kama mama hatakuwa anakula, atakwenda kumuaga Bazilio.

Jioni moja, akikwangua sahani iliyojaa na kumwaga wali kwenye ndoo ya taka, wazo lilimpitia: angekufa tu, nikapumzika. Lilikuja taratibu kama mawazo mengine yoyote, kama mtu anavyokumbuka kununua sabuni. Alisimama na ile sahani mkononi, akajiogopa. Aliingia ndani akamfunika mama yake miguu, ingawa hakukuwa na baridi.

Jumamosi lori la maharage kutoka Buhigwe liliharibika njiani, wakaruhusiwa mchana. Theodosia angeweza kwenda kulala, na Mungu anajua alivyotamani. Badala yake alikwenda nyuma ya soko, kwa Mkongo mmoja aitwaye Therese, aliyeolewa hapo mjini na ambaye sifa za kisamvu chake zilifika hadi ghalani.

"Keti, mama, keti," Therese alimwambia akipangusa benchi. "Uko mwenye kuchoka sana. Hii sombe nimetwanga mwenyewe na kinu, haiko ya mashine. Kula kwanza. Ukiona haiko muzuri, unaacha, hakuna palabre, hakuna kugombana."

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mawese na samaki mkavu, na Theodosia alikula mpaka akaona haya, halafu akaomba ajaziwe hotpoti na ugali wa muhogo wa kutosha. Njiani alijipa moyo kwamba leo ndiyo leo. Mama hawezi kukataa kisamvu. Akikataa kisamvu, basi hata Mungu atakuwa amemkatalia.

Alipoingia uani alisikia mama yake anacheka.

Walikuwa barazani, mama na Kezia, jirani wa chumba cha mwisho, Muha wa Nyakitonto anayefua nguo za watu. Kati yao palikuwa na sahani ya Kezia, viazi vitamu na maharage, na mama alikuwa anakula. Alikuwa anakula kama mtu aliyetoka shambani, mafuta yakimng'aa kidevuni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea kwenye kifundo cha mkono wa Kezia. Kezia alipopeleka kiazi kinywani, mkono wa mama ulikwenda nao hadi mdomoni, ukarudi nao. Kisha mama alichukua chake.

Theodosia alisimama na hotpoti lake, wivu ukamchoma wazi wazi.

"Umeweka nini humo, Kezia?"

"Maharage tu, dada. Hata chumvi leo imepungua. Siku hizi mbili tatu mchana nakula na bibi, peke yangu nachoka. Hajakwambia?"

Hakuwa amemwambia. Theodosia alivuta kigoda, akafungua hotpoti, harufu ya kisamvu ikajaa baraza. Alipakua, akaiweka sahani mbele ya mama yake. "Kisamvu, Mama. Cha kutwangwa."

Mama alinusa, na uso wake ukalainika. Lakini hakunyoosha mkono. Aliisukuma sahani pole pole upande wa Kezia.

"Anza wewe, mwana wanje, mwanangu."

Kezia alikata tonge, akachovya, akala, na mkono wa mama ukamsindikiza hadi mdomoni. Mama alingoja kidogo. Kisha alikula kisamvu cha Therese hadi sahani ikabaki na michirizi.

Hakuna aliyehitaji kumweleza Theodosia. Alikuwa ameyaona maisha yake yote, kwenye kila sherehe, kwenye kila mtungi wa pombe: kwao, anayekukaribisha hutangulia kuonja mbele yako, ndipo na wewe ushike. Anayekupa bila kuonja ana lake jambo, labda sumu. Theodosia siku zote alidhani hayo ni mambo ya wageni na pombe, hayaingii kati ya mama na mtoto. Na Kumsenga hayakuhitaji kuingia, kwa sababu aliyepika alikuwa mama mwenyewe, na aliyepika ndiye aliyetia tonge la kwanza, naye Theodosia akafuata bila kufikiri. Hapa yeye ndiye aliyekuwa mwenye chakula. Alionja kila kitu, tena kwa kushiba, nyuma ya mapazia ya watu. Mbele ya mama yake hakuwahi kupeleka kitu kinywani.

Kezia alikwenda kuanua nguo zake. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa soko. Theodosia aliinuka, akaleta jiko, akapanga mkaa, akaanza kupuliza. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kila alipoinama alidhani hatainuka.

"Unapika?" mama aliuliza.

"Napika."

"Si tumeshakula."

"Utakula tena usiku." Alibandika maji, na akiwa bado amempa mama yake mgongo, akauliza: "Mama, uliniogopa?"

"Oya," mama alikana. Kisha akasema, "Kidogo."

"Kwa nini hukuniambia nionje?"

"Nikuambie vipi? Mtu akimwambia mwanawe onja kwanza, ameshamwita mchawi. Neno hilo halirudi ndani." Alikuwa anakisugua kiganja chake kilichoungua. "Macho sina, lakini nilikuwa nasikia unavyovua viatu. Unavivua kama mtu aliyechoka na kila kitu. Nikasema, labda na mimi nimo."

Kukana kulikuwa rahisi. Mtoto yeyote mwenye adabu angekana, angeapa, angemkumbatia mama yake na kulia. Theodosia aliutia unga kwenye maji, akaanza kusonga, na ile jioni ya ndoo ya taka ikamrudia. Hakuwa na nguvu za kudanganya.

"Ulikuwemo, Mama," alisema. "Siku moja ulikuwemo. Nilijiogopa."

"Ego," mama alikubali, bila mshangao wowote.

"Sasa kama ulidhani hivyo, mbona kila jioni ulikula hata hicho kidogo?"

Mama aligeuza uso upande ilikotoka sauti. "Wewe ni mwanangu. Nikasema, kama ndivyo anavyotaka, nife apumzike, nisimnyime kabisa."

Mwiko ulisimama. Theodosia alilia hapo hapo, wima, ugali ukiungua chini, na hakujali kama Kezia anasikia. Alimlilia mama yake, akajililia na mwenyewe, maana kwa majuma hayo yote alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta chakula cha kumwokoa huyu mtu, na huyu mtu alikuwa anakipokea kama hukumu, kidogo kidogo, kwa upole. Alipomaliza kulia aliepua. Aliugeuza ugali ulioungua kwenye sinia, akamimina maharage ya Kezia yaliyobaki, akaketi chini, goti kwa goti na mama yake.

Tumbo lilikuwa bado limejaa kisamvu cha mchana. Akakata tonge, akalichovya, akalitia kinywani.

Mkono wa mama ulipanda. Haukuishia kwenye kifundo cha mkono kama kwa Kezia. Ulipita mdomoni, ukashuka kidevuni, kile kiganja chenye kovu jipya kikatulia kooni pa Theodosia na kusubiri. Theodosia alitafuna, akameza, na kiganja kikasikia.

"Tena," mama alisema.

Theodosia akakata tonge jingine, na mkono haukuondoka kooni.