Uzi wa Msumari wa Kwanza

"Ukuta mzima utando wa buibui! Ulitaka niuache hivyo?"

"Nilitaka uniulize, Mama. Kuuliza tu."

"Tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kufagia?"

"Tangu Baba alipokufa!"

Mama akautazama ukuta uliobaki misumari mitupu. Kati yake na bintiye, juu ya meza ya kukatia vitambaa, lilikaa beseni la nyuzi mia mbili na ushei, zimesokotana kama utumbo wa mbuzi.

Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani wa aina yake. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kama mkufu, lakini wateja aliwapima kwa uzi wa katani: fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga, fundo la mkono. Kila uzi akautundika kwenye msumari wake ukutani. Majina hakuandika. "Karatasi huliwa na panya," alikuwa akisema. Mteja aliyepotea miaka mitano akiingia, mkono wa fundi ulikwenda moja kwa moja kwenye msumari wake.

Juzi Mama alikuja kukisafisha chumba hiki cha ushonaji, maana kinyozi amekipanga kuanzia leo. Akazitungua nyuzi zote, akazifua kwa sabuni, akazianika kwa fungu moja.

"Vitambaa vya watu tumewarudishia," alisema sasa. "Viuno vyao wanavyo wenyewe. Watapimwa kwingine."

"Sisemi za watu." Binti akanyoosha kidole kwenye msumari wa kwanza, karibu na mlango. "Pale ulikuwepo uzi wako."

"Wangu? Baba yako hakunipima hata siku moja."

"Alikupima umelala, mchana ukijipumzisha. Aliniambia ukiwa macho huwezi kutulia dakika mbili. Kila mwaka alifungua fundo, akalifunga mbele kidogo. 'Mama yako anapanuka,' akasema, 'ole wako umwambie.'"

Mama akajikuta ameketi kwenye kiti cha cherehani. Miaka ishirini na sita amewatambia wanawake wenzake kwamba mumewe humpima kwa jicho. Kumbe mtu mzima alikuwa akinyata kitandani na uzi mkononi, akiogopa kumwamsha!

Akalivuta beseni.

Akachomoa uzi, akauzungusha kifuani. Mfupi. Wa pili, mrefu. Binti akasahau hasira, akaja kusaidia: yeye anafumua, mama anajipima. Nyuzi hazikuwa na alama yoyote ila mafundo. Kama zilikuwa na uchafu wa vidole vya marehemu, sabuni imeuondoa. Baada ya saa nzima walikuwa na nyuzi saba zinazomkaa, na bado beseni halijafika nusu.

"Labda ni mojawapo ya hizi," binti akasema.

Mama akajitazama. Miezi mitatu ya msiba imemla. Gauni linaning'inia mwilini kama gunia juu ya mwiko. Nyuzi saba zinamkaa huyu wa leo. Yule aliyepimwa amelala hayupo tena, na aliyemjua inchi kwa inchi yuko kaburini.

"Hizi si zangu," akasema. "Sijui ni upi, mwanangu. Nimeufua kwa mikono yangu, na sijui ni upi."

Maishani mwake kila tatizo lilikuwa na ufagio wake. Hili halikuwa nao. Akaukunja uzi, akaukunjua, akaukunja tena.

"Hodi, shemeji." Kinyozi alikuwa mlangoni, nyuma yake mkokoteni wenye kioo na kiti cha kuzunguka. Akaona beseni, akaona macho yao. "Nirudi kesho?"

"Tuchukue hizi saba, Mama," binti akanong'ona. "Nyingine tuziache."

"Na kama umo kwenye hizo nyingine?"

"Sasa tutazifanyia nini zote? Nyumba ijae viuno vya watu?"

"Ijae."

Akasimama. Akavua kitambaa cha kichwani, akakitandaza mezani, akalipindua beseni juu yake. Zile saba akazirudisha humo humo kwenye fungu, akafunga ncha mbili mbili, akajitwika. Kisha akamwekea kinyozi ufunguo kiganjani.

"Chumba hakijafagiwa leo, shemeji," akasema. "Fagia mwenyewe."

Akatoka, na binti akamfuata.