Kivuli Mchangani

Naapa kwa pensheni yangu, haya yote ni kweli tupu. Nikidanganya hata neno moja, ichelewe kuliko inavyochelewa sasa.

Mimi Valerian nilistaafu ukarani wa mizani ya pamba Shinyanga, nikahamia kwa binti yangu ziwani, mbele ya Buseresere. Siku ya kwanza tu niliwaambia watu wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kwamba ujanani niliendesha mitumbwi ya tanga hadi Ukerewe, na safari moja sangara alinivuta siku mbili, tanga limekunjwa. Wakaniamini. Kwa hiyo Vumilia, nahodha wa mtumbwi mmoja wa pale, alipoanza mazoezi ya mashindano ya tanga, alinifanya mwalimu wake.

Kazi ilikuwa nyepesi. Nasimama ufukweni, mkono mmoja simu inarekodi, mwingine kitambaa chekundu. Vumilia yuko kwenye usukani, macho kwenye mawimbi. Mwenzake Masalu anashika kamba ya tanga na kuniangalia mimi. Nikipunga, analihamishia tanga upande wa pili. Baadaye tunaingia ndani, tunafunga dirisha ili kioo cha simu kionekane vizuri, tunatazama nani kachelewa, nani kakaa vibaya. Simu haina huruma. Inamwona kila mtu, isipokuwa aliyeishika.

Jumanne, saa kumi na moja, Zuwena muuza samaki alipita na beseni la sangara wa kukaanga. Nikampungia aniwekee kichwa. Nilimpungia kwa mkono wenye kitambaa.

Kule majini Masalu akavuta kamba. Upepo ukalipiga tanga kwa nyuma, mtumbwi ukalala, wote wawili wakaingia ziwani. Walitoka wazima, ila mlingoti ulipasuka.

"Nani alikwambia uvute?" Vumilia aliuliza, maji yanamchuruzika.

"Guku alipunga." Ndivyo anavyoniita, yaani babu, kwa Kisukuma.

Wakanigeukia. Kichwa cha sangara kilikuwa mkononi, ndani ya gazeti, bado cha moto.

"Sikupunga," nikasema. "Ikionekana nilipunga, Jumamosi nitapanda mimi huo mtumbwi wenu unaovuja, nifue maji kwa kopo mpaka mashindano yaishe. Tuiulize simu."

Simu ikaonyesha mkono wa Masalu. Wangu haikuuonyesha. Vumilia akasema Jumamosi atamchukua Edward ashike kamba badala yake. Masalu alikuwa na miezi miwili ya mazoezi, na mama yake alikuwa anakuja kutoka Kambarage kumtazama.

Nilitarajia akasirike.

"Guku akisema hakupunga, basi hakupunga gete, hakupunga kabisa," alisema taratibu. "Labda jua lilinichoma macho."

Heri angenitukana. Kile kichwa sikukila. Nilimpa paka, naye akakinusa, akaniangalia, akakiacha, na hilo pia ni kweli. Jumatano nilimkuta Masalu akiufunga kamba mlingoti nilioupasua mimi. "Shikamoo, guku." Badala ya marahaba, nikakohoa. Alhamisi nilitaka kuifuta ile video. Kidole kikafika, kikarudi. Nikamwita pembeni nimwambie, nikaishia kumsimulia habari za kiboko.

Ijumaa Masalu mwenyewe akaomba tuitazame tena.

"Nataka nilijue kosa langu," alisema, "nisilirudie."

Tukafunga dirisha. Tukaitazama mara mbili. Mara ya tatu Vumilia akaisimamisha.

"Hiki nini hapa chini?"

Siku ile jua lilikuwa mgongoni kwangu. Mchangani, chini kabisa ya picha, kililala kivuli cha mtu mwenye kofia pana, mkono juu, kitambaa kinapepea.

"Mwaloni hapa kofia hiyo anayo nani?"

Nilikuwa nimeivaa.

"Masalu," nikasema, "nilikuwa namwita Zuwena. Kwa sababu ya samaki. Nisamehe, mjukuu wangu."

Akakitazama tena kile kivuli. "Basi macho yangu ni mazima, guku."

"Ni mazima."

"Edward atapumzika," Vumilia akasema. "Na wewe mzee, kesho saa mbili. Aliyefika Ukerewe atashindwa kufua maji?"

"Vumilia, mimi sijawahi kukanyaga mtumbwi."

"Tunajua. Kopo liko chini ya ubao."

Jumamosi Masalu alishika kamba yake, mama yake akimtazama. Mimi nilikumbatia mlingoti kwa mkono mmoja, mwingine una kopo. Zuwena ndiye aliyerekodi, kwa simu yangu mwenyewe, na kila nilipoinua kichwa sauti yake ilinifikia kutoka ufukweni: "Fua, mzee, unaonekana."

Nikafua.