Wadi ya Feni

Kitu cha kwanza kilikuwa maji. Bibi Siew Kheng alikuwa mtu wa kula uji wa samaki haraka haraka, huku anaongea, huku anaigombeza redio. Sasa kila kijiko cha uji alikifuatishia funda la maji, kisha akatulia na kuutazama ukuta, kama mtu anayesikiliza nyayo za mgeni kwenye ngazi.

Wartini, aliyekuwa akimpikia na kumwogesha tangu alipovunjika nyonga, akaanza kuuchemsha uji kwa muda mrefu zaidi. Hakuuliza. Kwao ng'ambo, kijijini nyuma ya mji wa Cilacap, aliacha shule darasa la nne, na tangu hapo alizoea kuwaacha wengine waseme kwanza. Mara nyingi walipomaliza yeye hakuwa na la kuongeza.

Uji ulipokuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, na Bibi bado anausukuma kwa maji, walikwenda zahanati ya serikali pale mtaani kwao, Toa Payoh. Bibi aliipenda zahanati ile. Aliingia na kadi yake ya wazee mkononi, akachukua namba, akakaa kati ya wanawake anaowajua, wakaanza kushindanisha presha zao kama watu wanaoshindana kwa wajukuu.

"Ya kwako haijafika hata mia na hamsini," alimwambia mmoja. "Wewe umekuja kupigwa kiyoyozi tu."

Daktari alimpapasa shingo na tumbo, akaacha kutabasamu, akaandika rufaa ya kwenda hospitali kubwa kama mgonjwa wa ruzuku, anayelipiwa sehemu kubwa na serikali. Tarehe waliyopewa ilikuwa mbali.

Jioni mwanawe, Wee Tat, alirudi kazini. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa viyoyozi, mwanamume asiye na mke wala mtoto, na kila alichopata alikileta katika nyumba ile ya ghorofa ya tisa.

"Mwezi mzima na ushee," alisema. "Mtu hawezi kumeza, wao wanampa mwezi."

"Foleni ni ya wote," Bibi alisema. "Unataka nimpige kumbo nani?"

"Mama, una bima. Si ile ya serikali tu ambayo kila mtu anayo. Nimekuongezea ya kampuni juu yake, tangu nilipoanza kupata mshahara wa maana. Ulidhani nilikuwa nanunua peremende?"

"Najua, mwanangu."

"Basi kesho tunamwona daktari bingwa. Tunaingia kwa mlango wa mbele."

Bibi akamgeukia Wartini na kuinua kidevu kama mke wa waziri. "Umesikia, Tini? Mlango wa mbele. Kesho unichane nywele vizuri."

Bingwa alimpima, akataka alazwe afanyiwe upasuaji. Kwenye dirisha la kulaza wagonjwa alikuwapo dada mmoja wa Kimalei, mpole wa sauti.

"Daraja gani, kaka?"

"A. Chumba cha peke yake."

"Bima yenu inalipa hata daraja C, wadi ya pamoja," alisema yule dada. "Kuwa na bima hakuwazuii kuchukua ruzuku. Kule serikali inabeba sehemu kubwa, bima inamalizia iliyobaki."

"Dada, nimeonekana kama sina?"

"Sijasema hivyo. Nakwambia kwa sababu mgonjwa akishaingia kama wa kulipia, hata kliniki za baadaye atahesabiwa hivyo hivyo. Dawa pia."

"Nimelipa miaka yote hiyo ili mama yangu alale na watu wanane na feni? Andika A."

Akaandika.

Chumba kilikuwa kizuri, hilo Wartini hakulikana. Kilikuwa na kiyoyozi kisicho na mlio, televisheni, dirisha lenye miti. Wee Tat alikipiga picha kila upande na kuzituma kwa binamu zake. Aliposimama katikati ya chumba kile, mabega yake yalikaa vizuri. Baada ya upasuaji Bibi alimwambia mwanawe kwamba mto ni laini, kwamba muuguzi ni mwema, kwamba hajawahi kuona choo kama kile. Mwanawe alipoondoka, alijivutia shuka hadi kidevuni.

"Tini, fungua mlango."

"Bibi unasikia baridi?"

"Nasikia tumbo langu likiongea peke yake. Fungua nisikie watu."

Wartini akafungua. Nje palikuwa na zulia, na watu wakipita juu ya zulia hawasikiki.

"Nilipovunjika nyonga nililala wadi ya feni," Bibi alisema. "Joto lile, lakini tulikuwa wanawake wanane. Mmoja muuza tambi, mdomo wake mchafu kama nini. Alimwambia daktari kijana, 'Wewe shika vizuri, nina watoto watano, sina cha kuficha.' Siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani, sote tukacheza bahati nasibu kwa namba ya kitanda chake. Na ikatoka, Tini. Zawadi ndogo, ya kununulia bata wa kuchoma tu, lakini tulipiga kelele mpaka muuguzi mkuu akaja kutusimanga." Alicheka, kicheko kikamwuma kwenye mshono. "Alikuwepo mmoja, alifariki alfajiri. Tulijua kabla ya wauguzi. Wa kitanda cha jirani alimshika mkono. Mimi humu nikifa, wa kwanza kujua ni kiyoyozi."

"Mwambie bosi, Bibi."

"Nimwambie nini? Hajaoa. Hajaenda matembezi hata Malaka hapo jirani. Chumba hiki ndicho alichokuwa akininunulia muda wote huo. Nikikikataa nimemzaba kofi mbele ya watu." Akamkazia macho. "Na wewe usiseme. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Na kunyamaza ndiyo kazi Wartini aliyoijua kuliko zote. Msichana wa kazi anayeingia kati ya mama na mwanawe hupandishwa ndege ya kurudi, na kwao kulikuwa na baba mgonjwa na paa lililokuwa likiezekwa kwa mshahara wake.

Kampuni ya bima ililipa chumba na kisu bila maneno mengi. Tatizo lilikuja kliniki. Bingwa, mtu mstaarabu, alisema kisu hakikuimaliza saratani, na kwamba ipo dawa angependa kuitumia. Dawa hiyo haikuwamo katika zile ambazo bima inazilipia. Ipo nyingine, ya zamani kidogo, ambayo serikali inaisaidia.

"Basi mpe hiyo," alisema Wee Tat. "Tupate msaada wa serikali."

"Msaada huo ni wa wagonjwa wa ruzuku. Mama yako ni mgonjwa wangu wa kulipia."

"Ni mwananchi. Ana kadi ya wazee. Amekaa hapa tangu nchi hii haijawa nchi."

"Najua. Unaweza kumhamisha. Lakini mtaanza tena na rufaa ya zahanati, na atapangiwa daktari aliyepo, si mimi. Na kuna kusubiri."

Nje, kwenye ukumbi, Wee Tat alisimama mbele ya mashine ya kuuzia kahawa bila kununua. "Bima ya nini, basi?" aliiuliza mashine. Wartini alishika kiti cha magurudumu kwa mikono miwili. Bibi alijifanya amelala.

Wee Tat alijaribu kuilipia dawa ile ya kwanza kutoka mfukoni. Kwanza liliondoka gari. Halafu aliacha kula mgahawani, akawa anabeba wali wa jana kwenye bakuli. Halafu siku moja alirudi kutoka hospitali, akakaa kwenye kochi akiwa na viatu miguuni, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kutokea, akasema, "Mama, kesho twende zahanati."

Alikwenda mwenyewe kuchukua namba. Wanawake wa benchi hawakumtambua Bibi mara moja, maana alikuwa amebaki macho na mifupa. Walipomtambua walijisogeza kumpa nafasi.

"Nimewaletea mwanangu awaone," Bibi alisema kwa sauti ya upepo. "Msimtazame hivyo, hana mke lakini ana hasira."

"Hasira si kitu," alisema mmoja. "Yangu presha imefika mia na sabini."

"Mwongo wewe," Bibi alisema, akafumba macho kwa raha.

Rufaa ikaandikwa upya. Tarehe ilikuwa mbali kama ile ya kwanza. Wee Tat aliitazama, akakunja karatasi, akamshukuru karani kwa adabu.

Tarehe haikufika. Asubuhi moja Bibi alimeza funda la maji, na maji yakarudi. Wartini akajaribu kijiko kidogo, kile cha kupimia dawa, nacho kikarudi, chekundu kwa damu. Midomo ya Bibi ilikuwa ya kijivu. Gari la wagonjwa lilimchukua kutoka chini ya jengo, majirani wakiwa wamesimama na mifuko yao ya soko.

Katika idara ya dharura daktari wa zamu alimvuta Wee Tat pembeni ya pazia. Hakuongea sana. Alisema hawatamsumbua tena Bibi kwa kisu wala dawa kali. Watamlaza, watamtuliza maumivu. Wee Tat aliuliza kwa muda gani, daktari akasema familia ikae karibu.

Kisha akaja karani, kijana mwenye kompyuta juu ya meza ya magurudumu.

"Poleni. Mama ameingia kupitia dharura, kwa hiyo mnaweza kuchagua daraja upya. Nimwekee lipi?"

Wee Tat alikuwa na shati la kazi, na kola yake ilikuwa imelowa. "A," alisema. "Dawa nimeshindwa kumpa. Chumba siwezi kushindwa. Chumba bima inalipa."

"A," karani alirudia, vidole vikaenda kwenye kompyuta.

Bibi alikuwa anasikia. Hakumtazama mwanawe, wala hakumtazama Wartini. Alikamata ncha ya shuka kwa mkono uliobaki mishipa, akaanza kuivuta taratibu hadi kidevuni.

Wartini aliuona mkono ule. Aliwaza wakala aliyemleta, tiketi ya ndege, paa la kwao lililoezekwa upande mmoja. Aliwaza ahadi yake. Kwa miaka yote katika nyumba ile hakuwahi kumwambia Wee Tat neno ambalo hakuulizwa.

"Bosi," alisema.

Wee Tat akageuka, na karani naye akageuka.

"Bibi anakiogopa chumba kile. Anataka wadi ya feni, alale penye watu. Alinikataza nisikwambie kwa sababu anakupenda."