Dalali wa Mokaya na Dalali wa Lenah

Mwaka ule wa tisini na nne kila mwenye akiba mjini Kericho alikuwa akizungumza habari za hisa, lakini wa kuzizungumza kama Mokaya hakuwako. Alikuwa na hadwea karibu na steji ya matatu, anauza misumari, mabati na rangi, na kwa maelezo yake mwenyewe hiyo ilikuwa kazi ya kupitisha wakati tu. Kazi yenyewe ilianza saa nne, soko la hisa la Nairobi likifunguliwa. Hapo alifungua kufuli ya simu, akampigia dalali wake, Bwana Edwin, akamwambia nunua hizi, uza zile. Mteja aliyetaka kilo mbili za misumari alisubiri, na akinung'unika alipewa somo la uchumi bila malipo.

Huyo Edwin sasa! Mokaya alimtaja mchana kutwa mpaka majirani wakadhani ni shemeji yake. Alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Hakutaka barua, hakutaka sahihi, hakuuliza maswali. Na ili mambo yaende chapchap, vyeti vya hisa alivihifadhi yeye mwenyewe hukohuko Nairobi, maana mtu anayenunua Jumatatu na kuuza Jumatano atatuma vyeti kwa posta mpaka lini? Kila mwisho wa mwezi ilikuja karatasi iliyopigwa chapa vizuri, na kila mwezi jumla ya pale chini ilikuwa imenenepa.

Lenah, mkewe, alishona sare za shule nyuma ya duka, na kwa pesa za cherehani alikuwa amenunua hisa zake kidogo kidogo. Yeye alitumia ofisi nyingine, ambako karani aliyeitwa Bi Dorcus alikuwa wa kumtoa mtu jasho. Ukimwambia uza, anasema lete barua. Ukileta barua, anasema sahihi haifanani na ile ya kwanza. Ila vyeti alivituma vyote kwa barua ya rejista, na Lenah akaviweka ndani ya sanduku lake la nguo. Mokaya alicheka sana. Alimwambia mkewe kwamba yeye hana dalali, ana hedimistresi.

Basi mwezi wa saba akaja Mzee Johana Kiptanui, mwenye jengo. Alitaka kuliuza ahamie shambani kwake Silibwet. Mnunuzi alikuwa ameshampata, mtu wa kutaka kufungua baa, lakini Mokaya na mkewe walikuwa wapangaji wake kwa miaka kumi na sita, kwa hiyo akawapa nafasi ya kwanza. Walete pesa kabla ya mwisho wa Agosti, la sivyo watafute pengine pa kuweka mabati yao. Wakapiga hesabu wakaona inawezekana: hisa za Lenah nusu, hisa za Mokaya nusu, jengo ni lao. Lenah alikuwa ameishi na hofu ya kufukuzwa pale tangu siku ya kwanza. Siku hiyo alishona akiimba.

Lenah akatuma vyeti na barua. Mokaya akapiga simu, na kabla ya saa sita Edwin akamjulisha kwamba zote zimeuzwa, cheki iko njiani. Wiki ya kwanza ikapita, cheki hakuna. Wiki ya pili inasubiri sahihi ya meneja, na meneja amesafiri. Mokaya hakutishika, kwani si bado anapokea simu upesi? Wakati huohuo Bi Dorcus akairudisha barua ya Lenah kwa kuwa hakuandika tarehe. Hapo Mokaya alicheka mpaka akashika kaunta, akasema jengo litawaponyoka kwa sababu ya huyo mwanamke na tarehe zake.

Maneno hayo yalimchoma Lenah. Alikuwa anashona vifungo kwenye shati la mumewe. Akasema sawa, tuwapime wote wawili leo, hapahapa. Kila dalali aagizwe kitu kimoja, hisa mia mbili za Highland Buttons Limited, na tuone.

Mokaya hakuwa amelisikia jina hilo maishani mwake. Lakini mtu anayefundisha wateja uchumi atamuuliza mkewe kampuni gani hiyo? Akatikisa kichwa, akasema ni kampuni nzuri, amekuwa akiifuatilia.

Wakaanza na Bi Dorcus. Alimtaka Lenah arudie jina mara mbili, akamwambia asubiri, wakasikia makaratasi yakifunuliwa. Kisha akasema kampuni hiyo haiko kwenye soko, na kama kuna mtu anamuuzia hisa zake basi aende polisi. Mokaya akacheka tena. Soko lenyewe hawalijui, akasema.

Akampigia Edwin. Simu ikapokelewa palepale.

"Mia mbili? Nimekununulia, mzee," Edwin akasema baada ya dakika moja. "Na vile umeamka mapema, imeshapanda shilingi moja na nusu."

Mokaya akaziba simu kwa kiganja, uso unang'aa. Akamuuliza mkewe kama amesikia.

Lenah alikata uzi kwa meno. "Baba Kerubo, hiyo kampuni haiko. Nimeitunga sasa hivi nikishona hiki kifungo."

Mokaya alirudisha simu mahali pake bila kuaga. Akakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Umewahi kuona cheti chako?" Lenah akauliza.

"Hata kimoja," Mokaya akasema.

Kesho yake walifunga duka, wakaenda Nairobi. Mlango wa ofisi ya Edwin ulikuwa na kufuli, na nje walisimama watu saba, kila mmoja na karatasi yake iliyopigwa chapa vizuri. Wote walisema kitu kimoja, kwamba jana tu alipokea simu upesi sana. Wakaenda polisi pamoja, wakaandikisha. Njia nzima ya kurudi Kericho Lenah, ambaye angeweza kusema mengi, alizungumzia sare za shule tu.

Cheki ya Lenah ilifika wiki ya mwisho ya Agosti, na chini yake Bi Dorcus alikuwa amebana risiti tatu. Lenah akaipeleka mwenyewe kwa Mzee Johana, akamweleza yote bila kuficha. Mzee akafikiri, akasema baa hata yeye hakuipenda. Atawauzia nusu, upande wa hadwea, na nusu nyingine abaki nayo.

Kwa wakili waliulizwa hati iandikwe jina la nani.

"Andika Lenah peke yake," Mokaya akasema. "Mimi sina kitu hapo."

Wakili akashika kalamu. Lenah akaweka mkono juu ya karatasi.

"Andika wote wawili," akasema. "Ila langu liwe mbele."

Mokaya akaitikia, ndiyo, Mama Kerubo, na machozi yakamtoka mbele ya wakili na Mzee Johana.