Mtoto wa Kuchambulia Maharagwe

"Lakini juzi ulikaa naye mpaka watoto wako wakamaliza kazi ya shule," Wakonyo alisema, na jirani yake Waithira akamjibu kwamba juzi mtoto hakuwa anawaka vizuri, kwa hivyo hiyo haikuwa zamu. Walikuwa wamesimama kwenye kijia kati ya boma zao, hapo Wamagana, jua likizama nyuma ya Nyandarua, kila mmoja ameshika upande wake wa shuka. Mtoto alikuwa ndani ya shuka hiyo, wa njano mpaka kwenye nyayo, na mwanga wake ulitosha kuonyesha ni nani kati yao aliyekasirika zaidi.

Mama yake, Wachuka, alisimama kando, maziwa yakimlowesha blauzi, akingoja wamalize. Tangu asubuhi mtoto hakuwa amenyonya.

Mimba ya Wachuka ilikuwa rahisi hata wambea wakakosa la kusema. Hakuvimba miguu, hakutapika, na alichuma chai hadi wiki ya mwisho. Kliniki walimwambia yeye hana shida, apishe wenye shida. Alijifungua mchana, akapewa kikombe cha chai, na kabla ya jioni akaambiwa aende nyumbani maana kitanda kilikuwa na mwenyewe. Mtoto alipoanza kuwa wa njano, kwanza machoni, kisha kifuani, alimrudisha. Nesi alimkumbuka: yule aliyezaa bila kelele.

"Muweke kwa jua asubuhi," nesi alisema akiwa tayari anaita mwingine. "Wewe si mtu wa kusumbuka."

Wachuka akamweka juani kila asubuhi. Mtoto alilinywa jua lote, na giza lilipoingia akalitoa likiwa mwanga. Mama mkwe alizima koroboi, akaipandisha juu ya kabati, akaanza kuchambua maharagwe.

Mafuta ya taa yalikuwa adimu mwaka ule, na nyaya za stima zilikuwa zimeishia sokoni na kwenye kliniki. Nyumba ikajaa. Wakonyo alileta cherehani, Waithira akaleta watoto na vitabu vyao, na umbea wote wa Tetu ukahamia hapo: nani ametoroka na mwalimu wa kwaya, nani anaficha mimba chini ya sweta. Nafasi ilipokwisha, ndipo wakaanza kuazimana mtoto. Walimsifu kwamba halii. Akilia, ilikuwa sauti nyembamba kama ya paka aliyefungiwa stoo, na mgongo wake ulipinda nyuma kama upinde. Wakasema anajinyoosha, atakuwa mrefu.

Wachuka aliomba ruhusa ampeleke hospitali kubwa ya Nyeri. Lakini mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, Kingori, kama ilivyo desturi, na kwa hivyo mama mkwe alimwita "mume wangu". Marehemu huyo alikuwa mweupe wa kujulikana hadi Kangari.

"Mume wangu alikuwa hivyo hivyo," mama mkwe alisema. "Ati sasa unataka daktari amtibu rangi yake?"

"Mami, hanyonyi."

"Hata yeye hakuwa mtu wa kula."

Mumewe Kahiga alikuwa Timau, kwenye mavuno ya ngano. Alikuja mara moja, akatengeneza redio yake kwa mwanga wa mwanawe, akarudi.

Alasiri moja, mama mkwe akiwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Wachuka alimfunga mtoto mgongoni akatoka kwenda kupanda gari la Nyeri. Mbele ya kliniki, wingu likiwa limeshuka na stima imepotea, nesi alimwona na kumvuta ndani. Watiri, mke wa Ngatia, alikuwa anazaa.

"Mshike hapo juu kidogo," nesi alisema. "Usitikisike."

Wachuka alimshika juu kama alivyoambiwa. Watiri naye hakuwa na shida yoyote, na alizaa msichana mzito. Walipomaliza, gari la mwisho la Nyeri lilikuwa limekwenda.

Siku zikaenda na mwanga ukapungua, hata jioni moja Kingori akawa na rangi ya watu wote. Wageni walichungulia mlangoni, wakaona giza, wakaaga. Sufuria ilianguka nyuma ya mtoto, naye hakupepesa jicho. Shingo yake haikukaza. Waithira alisema ni ile chai aliyoichuma mama yake akiwa mjamzito. Mama mkwe aliteremsha koroboi, akaacha kumwita "mume wangu". Alisema jina litangoja mvulana mwingine.

Wachuka akaenda kwa Watiri jioni, mtoto mgongoni. Nyumba ilikuwa imejaa pomoni. Msichana alilazwa mezani katikati ya vitabu, amewaka mpaka kwenye kucha, na cherehani ya Wakonyo ilikuwa kando yake.

"Watiri, huyo ananyonya?"

Watiri alisema ananyonya kidogo tu, lakini nesi amesema hana shida, na kila asubuhi anamweka kwa jua.

"Mpeleke Nyeri. Mpeleke kesho, usiulize mtu."

Mwanafunzi mmoja alifungua ukurasa mwingine. Wakonyo alisogea kwenye benchi, akapapasa nafasi aliyoiacha.

"Mama Kingori, unatuzibia mlango," alisema. "Ingia ukae hapa penye mwanga, mukimo ya viazi bado iko moto."