Sitara ya Haboba Medina

Dhambi nyingine huja imevaa kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, nawe unaifungulia mlango na kuitandikia mkeka. Hivyo ndivyo ilivyomjia Sadiya, mjane wa dereva Asuman, katika mwezi wa tano wa kujifunza kazi kwenye ofisi ya wakili Adrabo mjini Arua.

Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba tu. Lakini mwaka ule wa 1974 Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangazwa lugha ya taifa, na wakili alitaka mtu wa kuwasikiliza wateja wa Koboko, wale wa Kinubi na Kiswahili cha sokoni, na kuyaandika maneno yao. Aliyemfundisha ni Ondoga, karani mkuu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimfundisha kupanga mafaili, kupeleka hati za kuitwa kortini, kupiga taipu kwa vidole vinne. Na jambo moja alilirudia mpaka Sadiya akaliota: andika alichosema mtu, msomee kwa lugha anayoijua, muulize kama ndivyo, ndipo kidole kiguse wino.

"Karani ni mtungi," Ondoga alizoea kusema. "Ukimwagiwa maji, toa maji. Ukitoa maziwa, tutakuuliza umeiba ng'ombe wa nani."

Ulibaki mwezi mmoja apewe kazi kamili na meza yake mwenyewe. Ndipo akaja Haboba Medina.

Watu wa Koboko walimwita hivyo, Haboba, yaani bibi, wadogo kwa wakubwa. Alikuja kwa lori la tumbaku, miguu imemvimba. Mumewe alikuwa amekufa, hawakuwahi kupata mtoto, na sasa shemeji yake Umaru alisema nyumba ni ya marehemu ndugu yake, kwa hiyo warithi waigawane.

"Andika, binti yangu," alisema. "Hii nyumba iko yangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuweka hata tofali moja. Yeye kazi yake kulala. Mimi napika waragi, pombe ile kali, miaka nane, siku za Mwingereza. Pipa yangu iko mbili. Mabati ile ni waragi. Mlango ile ni waragi." Akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Saa hii mimi natubu. Mimi iko mutu ya msikiti."

Sadiya alilijua hilo. Bibi huyu ndiye aliyefundisha wasichana wa Koboko kusoma Kurani.

Mashine ya taipu ilikuwa moja, na siku hiyo Ondoga aliishika kwa rufaa ya haraka. Huko nje lori lilikuwa linapiga honi. Sadiya akaitazama ile miguu iliyovimba, akaona vibaya kumwambia bibi arudi kesho. Akachukua karatasi tupu, akamwekesha kidole chini kabisa, penye nafasi ya sahihi.

"Nenda, Haboba. Nitajaza mwenyewe."

"Mungu akubariki."

Asubuhi yake alikaa mbele ya mashine. Alipofika penye waragi, vidole vikasimama. Karatasi hii ingefika kortini, mbele ya Umaru, labda na mbele ya imamu. Akakumbuka alivyofundishwa utotoni, kwamba anayemsitiri Mwislamu mwenzake, Mungu naye humsitiri. Akapiga taipu: *Nyumba hii ilijengwa na marehemu mume wangu, naye akanipa.* Alijiambia ni mamoja, kwani nyumba si itabaki yake? Usiku ule alilala usingizi mwepesi, nyumbani kwake mtaa wa Oli, kama mtu aliyetoa sadaka.

Kesi ilisikilizwa Koboko, katika chumba cha ofisi ya saza, penye chifu wa eneo. Umaru alijitetea mwenyewe, mfanyabiashara mwenye tumbo na ulimi. Haboba Medina aliitwa, akashika Kurani, akasema kile kile alichokisema Arua: amejenga yeye, kwa jasho lake. Waragi hakuitaja, maana hakuulizwa. Hakimu akageuza karatasi, akaisoma kwa sauti.

Umaru akaruka. "Mheshimiwa, shemeji yangu iko na mdomo mbili! Moja ya karatasi, moja ya korti. Tusikilize gani?"

Watu wakacheka.

"Kidole hiki ni chako?" hakimu akauliza.

Haboba aliisogeza karatasi karibu na macho. "Kidole iko yangu. Maneno hii mimi sijui."

"Hapa umesema mumeo alijenga, akakupa. Nani alishuhudia akikupa?"

"Hakunipa kitu! Alikuwa na nini cha kunipa?"

Wakacheka tena. Hakimu hakucheka. Alisema kama nyumba ilikuwa ya marehemu, na hakuna shahidi wa zawadi, mjane asiye na mtoto ana robo yake tu. Tena akamwonya kwamba kusema uongo juu ya Kurani kuna jela. Kisha akawaachia watu waende kuswali adhuhuri.

Nje, wakili Adrabo alimvuta Sadiya pembeni. "Ulimsomea?"

"Nilimsomea, Mzee."

Neno lilitoka laini, bila kukwaruza koo. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

"Basi mama huyu anatuponza. Tukirudi nitajitoa. Siwezi kusimama na mteja mwongo."

Msikitini, upande wa wanawake, Haboba Medina alimwita aswali bavuni pake. Sadiya alianza Fatiha mara mbili, zote zikakatika katikati. Rakaa akazipoteza hesabu. Walipotoa salamu, bibi alibaki ameketi, anazitazama nyayo zake.

"Binti yangu," akasema polepole, "labda ni mimi. Uzee huu. Labda siku ile nilisema mume, halafu nasahau?"

Laiti angemtukana. Sadiya angeweza kuvumilia tusi. Lakini kumwona mtu mzima akitilia shaka maisha yake mwenyewe, miaka nane ya moshi machoni, kwa sababu ya mstari mmoja wa taipu!

"Hukusahau, Haboba. Ulisema waragi. Mimi niliandika mume."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kukusitiri."

Bibi alimgeukia. Hakupandisha sauti, ilikuwa msikitini.

"Nani alikutuma? Mimi natubu kwa Mungu, na yeye pipa zangu anazijua zote mbili. Wewe ulikuwa unaona haya ya nani?"

Sadiya jibu alilijua. Hakutaka neno lile litoke chini ya vidole vyake, yeye mwanamke wa swala tano. Alikuwa amejisitiri mwenyewe kwa nguo ya mwingine.

Korti ilipokaa, wakili alikuwa ameanza kuinuka. Sadiya akatangulia kusimama.

"Mheshimiwa, maneno ya ile karatasi ni yangu, si ya mama huyu. Aliweka kidole kwenye karatasi tupu. Nikajaza nilichotaka, na sikumsomea. Wakili wangu ameniuliza leo, nikamdanganya."

Adrabo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kumtazama. Hakimu alimwapisha, akamhoji kwa muda mrefu, akaiandika kila aibu. Mwishowe akaifuta ile karatasi kwenye kesi, akamwita Haboba aanze upya.

"Pesa ya kujenga ulipata wapi?"

"Waragi," akasema Haboba Medina, wima, mbele ya wote.

Mzee Taban, askari mstaafu, alijitolea kuwa shahidi. "Mheshimiwa, mimi nilikunywa pale tangu msingi mpaka paa. Mlango ile ni mimi nalipa, na koo yangu hii!"

Hata hakimu alitabasamu. Lakini nyuma, kina mama waliompelekea mabinti zao kusoma walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja akajifunika uso kwa ushungi, akatoka. Sadiya alimwona. Lau angeandika neno lile kama lilivyosemwa, pengine hakimu angelisoma kimya mezani pake likaishia hapo. Sasa Koboko nzima imelisikia, tena kwa kicheko.

Nyumba ilibaki ya Haboba Medina, yote. Umaru aliondoka akinong'ona.

"Jumatatu usije," wakili alimwambia Sadiya njiani. Ondoga ndiye aliyemletea vitu vyake nyumbani, akaviweka mlangoni, akaenda zake.

Baada ya Idi, Sadiya alipanda lori kwenda Koboko kuomba radhi. Alimkuta Haboba Medina uani kwake, anachambua mchele, peke yake, saa ambayo zamani wasichana wangekuwa wamejaa hapo na vitabu vyao. Juzuu zilikuwa zimepangwa juu ya sanduku, zina vumbi.

"Asalaam alaykum, Haboba."

"Wa alaykum salaam," akajibu, kwa kuwa kujibu salamu ni wajibu.

Akaendelea kuchambua mchele. Sadiya alisimama hapo mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni pake.